Kumi na Mbili Sawa na Kumi na Mbili

Nina mama wakwe wawili. Mmoja anaishi Mutuka, analima mahindi na mbaazi, na nikimwona huwa natafuta mahali pa kuficha mikono. Wa pili anaishi kwangu, hapa Nakwa, mjini Babati, analala chumba cha pili, anavaa sketi ya shule niliyomshonea mwenyewe, na ni binti yangu wa kwanza. Alipozaliwa alipewa jina la bibi yake mzaa mama. Kwa watu wa mke wangu jina halitolewi kama nguo ya mtumba, kwamba ukishavaa ni yako. Mwenyewe wa kwanza anabaki na sehemu yake humo ndani. Ndiyo maana mke wangu anamwita binti yetu "mama," na mama mkwe anamwita "mwenzangu." Mimi nilijaribu kumwita kwa jina kama baba wengine, lakini kila nilipotaka kumkaripia ulimi ulinata. Lilikuwa jina lile lile ambalo kwa adabu sijawahi kulitamka mbele ya mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto amekua bila kukaripiwa na baba, na majirani wanasema mimi ni mpole. Si mpole. Ni mwoga niliyepata kisingizio kizuri.

Ieleweke pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, wateja wananifuata hapo hapo, na barabara naiona vizuri tu kutoka nilipokaa, sina sababu ya kuikanyaga. Anayetoka ni mke wangu, anayeuza kwenye duka la vitambaa la mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Akirudi jioni ananiuliza, "Leo umefika wapi, baba watoto?" Namjibu kwamba nimefika chooni na kurudi salama.

Mwaka ninaousimulia, binti alikuwa anarudia kidato cha pili. Mara ya kwanza hakufaulu, na kilichomwangusha zaidi kilikuwa hesabu. Shule ilitueleza wazi: anayerudia hana nafasi nyingine, akianguka tena anatoka. Mama mkwe alipoletewa habari hiyo Mutuka, alikuja mjini siku ya mnada, akakaa kwenye benchi langu la wateja, akasema maneno machache ambayo nimeyabeba mwaka mzima.

"Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tano, nikachunge. Sikusema kitu. Lakini, baba, nilitolewa mara moja. Sitaki kutolewa mara mbili."

Akaaga akaondoka. Mimi nikabaki na suruali ya mteja mikononi, nimeshona mguu mmoja kwenye mwingine.

Basi Jumapili moja, mtihani umekaribia, binti alikuja barazani baada ya kanisa na kitabu cha hesabu. Jioni hiyo alikuwa anakwenda kambi. Shule yao huwakusanya watahiniwa, wanalala darasani na magodoro yao mpaka mtihani uishe, hakuna simu, hakuna mzazi kutia mguu. Hesabu ilikuwa Jumanne.

"Baba, wewe ulisoma hesabu?"

"Nilisoma mpaka kidato cha nne," nikasema. Ilikuwa kweli. Hakuuliza nilipata nini.

"Basi nisaidie hii."

Ilikuwa milinganyo miwili, ile inayokwenda pamoja. Wa kwanza unasema eksi ukijumlisha na wai unapata kumi na mbili. Wa pili unasema eksi tatu ukitoa wai unapata nane. Utafute eksi ni ngapi na wai ni ngapi. Nilipoiona nilikisogeza kitabu mbali, nikakirudisha karibu. Lakini kitu fulani kilirudi kichwani. Njia ya kubadilisha. Unamtoa mmoja pembeni, unamweleza kwa kutumia mwenzake, halafu mahali alipokuwa unaweka yale maelezo. Hapo kisichojulikana kinabaki kimoja, na kimoja kinashikika.

"Tuanze na wa kwanza," nikasema, sauti imepata uzito wa mwalimu. "Wai ni kumi na mbili toa eksi. Umeona?"

"Nimeona. Sasa naiweka wapi?"

"Popote penye wai."

Neno hilo "popote" ndilo lililoniletea balaa. Wai iliyokuwa karibu na kidole chetu ilikuwa ile ya mlinganyo wa kwanza. Tukaiweka humo. Eksi, jumlisha kumi na mbili, toa eksi. Eksi kwa eksi zikafutana, na kwenye karatasi ikabaki kumi na mbili sawa na kumi na mbili.

"Umeona?" nikasema. "Imekubali."

Binti aliitazama. "Sasa eksi ni ngapi?"

"Eksi imekwisha."

"Imekwisha?"

"Si unaona pande zote ni sawa? Imejibika hiyo."

Akanitazama kwa jicho la mwenye jina, lile la kwenye benchi. Halafu akasema, "Sawa, baba. Asante." Alipanda bodaboda na godoro lake jioni ile, nami nikabaki barazani nimejaa sifa. Mke wangu alipouliza mazoezi yalikwendaje nilimwambia mtoto ameelewa vizuri sana, na sijui kwa nini shule zinaajiri watu kutoka mbali.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na suruali ya mzee mmoja, imetoboka goti. Kitambaa cha rangi ile hakipatikani tena, na mafundi tuna dawa yetu: unafungua pindo la chini, lile lililokunjwa kwa ndani, unakata kipande humo, unakipeleka gotini. Nikafungua, nikakata. Mawazo yalikuwa shuleni, namwona binti kwenye mtihani wa kwanza, nawaza kama amekula. Mikono ikafanya kazi peke yake. Nilipoinua suruali kuitazama, goti lilikuwa wazi vile vile, na kipande kilikuwa kimeshonwa pale pale pindoni nilipokikata, mshono umenyooka, wa kujivunia.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka.

Nilichota kitu mahali fulani nikakirudisha hapo hapo, na pindo likaniambia kila kitu kiko sawa. Bila shaka liko sawa. Ni pindo. Mwenye shida ni goti. Kumi na mbili sawa na kumi na mbili. Yule wa kwanza alikuwa ameshasema yote anayoyajua. Nilimuuliza maneno yake mwenyewe, naye akayakubali. Wa pili hatukumgusa kabisa. Na mtoto sasa yuko kambini, hana simu, kesho asubuhi atayaandika yale kwenye karatasi ya mtihani kwa sababu baba yake amesema imekubali.

Nikampigia mwalimu wake. Simu ilikuwa imezimwa, naye yuko kwenye chumba cha mtihani. Nikampigia mke wangu.

"Nimemfundisha vibaya," nikamwambia.

"Nini?"

"Wai. Nimeirudisha ilikotoka."

Nilisikia mteja upande ule akiulizia kitenge cha kijani. "Baba watoto, nina watu hapa. Nenda shuleni ukamwambie."

"Wamekataza wazazi."

"Basi kaa."

Alisema kwa upole. Mke wangu anajua mahali pa kunibonyeza.

Nilikaa. Nikasimama. Nikavaa viatu, nikavivua. Nilikuwa nimevivaa tena, kamba moja bado haijafungwa, niliposikia hodi, na mbele ya baraza amesimama mama mkwe mwenyewe, kanga mabegani na hotpoti mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimempikia mwenzangu makande. Nataka kuyapeleka shule. Unatoka?"

Hajawahi kuniona na viatu. Ilinibidi nimweleze, nikiwa nimeinamia kamba ili nisimtazame, kwamba kuna jambo la hesabu, kwamba nimekosea kidogo, kwamba si kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tafuta bajaji," akasema.

Sasa, mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe. Kiti cha nyuma cha bajaji kinachukua watu watatu, lakini kwa adabu zetu kilikuwa kimejaa tangu alipokaa yeye na hotpoti. Mimi nikajibana mbele na dereva.

"Mzee, nyuma kuna nafasi," dereva akasema.

"Hapa pananitosha."

"Nusu yako iko nje."

"Hiyo nusu haina kazi."

Mama mkwe akasema kutoka nyuma, uso ameugeuzia upande, "Mwache, ni mkwe wangu." Dereva akasema aah, pole mzee, na kuanzia hapo kila kona aliikata kwa namna ya kunipima imani.

Njiani nilimfundisha mama mkwe. Huko kambini wanawake wenye chakula huenda wakaruhusiwa. Mwanaume mwenye maneno ya hesabu hawezi. Ujumbe ungepita kwake. Kwa kuwa sikuweza kugeuka, nilikiambia kioo cha mbele.

"Kuna vitu viwili havijulikani, mama. Eksi na wai."

"Ni watu?"

"Ni namba. Zimejificha."

"Na nani anajua zilipo?"

"Kuna sentensi mbili. Kila moja inajua nusu. Unachukua ya kwanza inakwambia wai ikoje, halafu hayo maneno unayapeleka kwenye ya pili. Mimi niliyarudisha kwenye ya kwanza." Nikaona halieleweki, nikamweleza suruali ya mzee, goti na pindo.

Dereva alikuwa amepunguza mwendo ili asikie.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, "ulikata kipande pindoni, ukakirudisha pindoni, ukamwambia mtoto goti limepona."

"Ndiyo, mama."

Sina hakika kama kuanzia hapo nilikuwa nimekaa kwenye bajaji au nimening'inia tu.

"Mzee," dereva akanong'ona, "mimi ndiyo nimeielewa leo. Enzi zetu hii kitu ilinifanya niwe dereva."

Getini mlinzi alitusimamisha kabla hatujasema salamu. Wazazi hawaruhusiwi. Chakula kiachwe hapo, atakipeleka yeye.

"Mimi si mzazi," mama mkwe akamwambia.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye yeye."

Mlinzi akanitazama mimi. Mimi nikatazama mti. Akamuuliza mama mkwe neno moja kwa kilugha chao, lugha ambayo miaka yote ya ndoa nimeambulia salamu na majina ya vyakula, naye akajibu kwa neno moja. Ninadhani lilikuwa jina. Mlinzi akainuka kwenye kigoda chake na kufungua geti kiasi cha mtu mmoja mwembamba.

"Dakika chache, mama. Huyu abaki."

Huyu alibaki. Nilishika nyaya za uzio kama mfungwa, ingawa aliyekuwa nje ni mimi. Mtihani wa asubuhi ulikuwa umeisha, wanafunzi wamekaa kwenye kivuli cha jengo. Nikamwona binti akija mbio, akapiga goti kidogo kumsalimia bibi yake. Wakasimama uso kwa uso, kimo kimoja, mikono yote minne viunoni. Mama mkwe anaongea. Binti anajibu. Binti akaokota kijiti, akachuchumaa, akaandika vumbini. Mama mkwe akainama kutazama. Kisha akageuka, akaja kwangu kwenye uzio, anatembea anahesabu vidole asije akapoteza kitu njiani.

"Anasema hiyo aliiona tangu jana."

"Aliiona?"

"Kwamba kumi na mbili sawa na kumi na mbili si jibu la kitu chochote."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Anasema ulikuwa umefurahi."

Nilitamani ardhi ya Babati ifunguke kidogo, kiasi cha fundi mmoja. Lakini mama mkwe alikuwa bado ameshika vidole.

"Usinikatize nitasahau. Anasema usiku aliipeleka kwenye ya pili mwenyewe, eksi ikatoka kumi, wai ikatoka mbili. Akijaribisha, ya kwanza inakubali, ya pili inakataa. Anauliza amekosea wapi. Kila wakifanya na wenzake inatoka hiyo hiyo."

Nikachuchumaa upande wangu wa uzio na kijiti changu. Kumi jumlisha mbili, ni kweli, kumi na mbili. Thelathini toa mbili, ishirini na nane, wakati wanataka nane. Nikaandika eksi tatu, toa, kumi na mbili, toa eksi. Nikafuta kwa kiganja. Nikaandika tena. Mlinzi alikuwa akitazama saa yake. Naijua hali hii: ni ile ile ya chumba cha mtihani, miaka ile, nilipoitazama karatasi mpaka ikanitazama. Wakati ule hakuna aliyekuwa akisubiri jibu langu. Sasa wapo wawili, na ni mtu mmoja.

Kilichoniokoa ni kiraka. Kiraka ukikishona upande mmoja tu, ule mwingine unabaki unapepea. Ile alama ya kutoa ilikuwa imesimama mbele ya kitu kizima, kumi na mbili pamoja na eksi yake, na watoto walikuwa wameishonea kwenye kumi na mbili peke yake. Eksi ikabaki inapepea na alama yake ya zamani. Nikaweka mabano. Kutoa ikala wote wawili, eksi ya ndani ikageuka kuwa ya kujumlisha. Eksi nne ni ishirini. Eksi ni tano. Wai ni saba. Tano na saba, kumi na mbili. Kumi na tano toa saba, nane. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mwambie kiraka amekishona upande mmoja. Aweke mabano, kutoa iwashike wote wawili. Mwambie ashone kingo zote."

"Kingo zote," akasema, akageuka.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakainuka kwenda kwenye mistari, na binti yangu akaingia katikati yao, sketi mia moja za rangi moja, hata mimi niliyeishona yake nikaipoteza. Mlinzi akamzuia mama mkwe kwa mkono wa heshima. "Muda umekwisha, mama. Tafadhali."

Mama mkwe wangu huongea chini chini. Hata kwenye misiba analia kwa ndani. Siku ile alikusanya kanga yake, akatembea upande wa uwanja mpaka mlinzi alipochoka kumfuata, akaita kwa sauti ambayo nadhani aliiacha malishoni alipokuwa na miaka kumi na moja.

"Mwenzangu. Kingo zote. Baba yako anasema kingo zote."

Shule nzima iligeuka. Walicheka, bila shaka walicheka. Kwenye mstari mmoja mkono uliinuka, ukashuka, bila uso kugeuka. Sikujua kama ni mkono wa kusema nimeelewa au wa kusema nendeni nyumbani jamani.

Kurudi nilijibana tena mbele na dereva, nusu nje. Jumanne nilishona zipu imetazama ndani. Jumatano mke wangu aliniambia nimekunywa chai yake na ya kwangu na bado naulizia chai. Kila nilipofumba macho niliona mkono ule ukiinuka na kushuka.

Binti alirudi mwisho wa wiki na godoro lake limejaa vumbi. Nilimwacha anawe, anywe maji. Nilijitahidi.

"Swali lilikuja?"

"Lilikuja, baba. Ila walisema tutumie njia ya kuondoa."

Nilikaa. Njia ya kuondoa ni nyingine kabisa. Hiyo hata kipande chake hakikuwahi kunirudia kichwani.

"Ukafanyaje?"

"Niliifanya ya kwetu pembeni kwa penseli, na mabano. Nikapata majibu, nikajaribisha, zote mbili zikakubali. Basi nikajua hata ya kuondoa lazima ifike pale pale. Nikaisukuma mpaka ikafika." Akavua viatu. "Halafu shuleni wananiita Kingo Zote. Mpaka mkuu wa shule."

"Pole."

"Pole yako haisaidii. Na bibi naye alivyoita, mpaka wapishi wametoka jikoni."

Kulikuwa na maswali mengine mengi kwenye karatasi ile, na masomo mengine mengi, na sikuwa na vijiti vya kuyatosha. Tulisubiri mpaka Januari. Sikukuu ilipita nami nashona nguo za watu za kusherehekea, kila mteja akiuliza mtoto vipi, namwambia tunasubiri. Mama mkwe hakuja mjini hata mara moja, hata kwenye mnada. Alimwambia mke wangu kwamba mguu unamsumbua. Mke wangu alisema mguu hauna kitu.

Matokeo yalipotoka, mke wangu ndiye aliyeyafungua kwenye simu, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Alifaulu. Hesabu alipata D, na nyumbani kwetu D hiyo ilipokelewa kama kipaimara, tulichinja jogoo. Binti alitutazama kwa huruma, akasema wenzake wamepata A, tusiwaambie watu.

Mke wangu akanipa simu nimpigie mama yake. Nikasema apige yeye. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu." Nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilimsikia akivuta pumzi. "Tumefaulu?"

"Tumefaulu, mama."

Nikasikia akiiweka simu chini, labda kwenye kitanda, na sauti yake ikienda mbali kuelekea nje, akimwambia mtu kwa kilugha chao. Sikuelewa isipokuwa mwisho wake, maana huo aliusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja alichokipanda: nimeingia kidato cha tatu.

Akarudi kwenye simu. "Baba, bado upo?"

"Nipo, mama."

"Wanafungua lini? Na hicho cha tatu, hesabu yake unaijua?"

Nilitazama viatu vyangu, vilivyokuwa bado pale mlangoni tangu siku ya bajaji, kamba moja haijafungwa.

"Sijui, mama," nikasema. "Nitakwenda kuuliza."